Kisanduku cha "Chanzo cha Ajali"

Wiki iliyopita nililetewa fomu ya taarifa ya ajali ili niitie saini nikiwa shahidi. Mwenzetu wa karakana alikatwa na msumeno wa mashine, akapoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto. Katika kisanduku cha "Chanzo cha ajali" msimamizi alikuwa ameandika maneno matatu: "Uzembe wa mfanyakazi." Kisanduku kilichofuata, cha "Hatua zilizochukuliwa", nacho kilipewa matatu yake: "Amepewa onyo kali." Maneno sita kwa vidole viwili, na uchunguzi ukawa umekwisha. Sikutia saini.

Fomu ile haikuwa na nafasi ya kuandika nilichokiona, basi nitakiandika hapa. Kikinga cha msumeno ule, yaani kile kifuniko kinachotakiwa kuufunika wembe wakati mbao inapita chini yake, kilikuwa juu ya rafu nyuma ya mkebe wa rangi, kimeshika vumbi la mbao zito kiasi cha mtu kuweza kuandika jina lake kwa kidole, iwapo bado anacho. Boliti zake mbili zilikuwa zimetunzwa vizuri ndani ya kifuniko cha chupa. Kilikuwa kimepinda, mafundi wakaomba kingine, ombi likakaa, na kwa kuwa mbao nene zilikuwa zikikwama na kazi ya mteja haingoji, mtu mmoja akakifungua "kwa muda". Muda huo ulifika miezi mitano. Kwa miezi mitano yote msimamizi alipita mbele ya mashine hiyo kila asubuhi, na juu yake ukutani limebandikwa bango lenye maandishi mekundu: "Usalama wako ni jukumu lako." Kitufe cha kuzima kwa dharura kilikuwa upande wa pili, nyuma ya rundo la mbao. Mwenzetu alikuwa katika saa ya kumi na moja ya zamu yake.

Nauliza swali jepesi tu: kama kikinga kingekuwa mahali pake, uzembe huo ungekata kitu gani?

Sikatai kwamba wazembe wapo. Nimemwona kwa macho yangu mtu amesimama juu ya kidato cha mwisho cha ngazi, mkono mmoja una simu, na hakuna sheria wala mashine ambayo ingemsaidia siku hiyo isipokuwa kumwambia ashuke. Haya, nimekubali. Lakini binadamu huchoka, hugeuka akiitwa, hupiga chafya, huwaza mtoto anayeumwa nyumbani. Hayo si maajabu, ni mambo ya kila siku, na mahali pa kazi ambapo mtu hubaki mzima kwa sharti la kutokosea hata mara moja kwa saa kumi na moja ni mahali palipopangwa vibaya. Neno "uzembe" linapendwa kwa sababu halina gharama. Ukiandika "kikinga hakikuwepo", itabidi mtu anunue kikinga, na itabidi mtu mwingine aeleze alikuwa wapi miezi mitano. Kamba hukatikia pembamba, na mfanyakazi aliyelala hospitali ndiye pembamba penyewe.

Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, katika jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, zamu ya usiku iliwasha pampu ambayo mchana wake ilikuwa imetolewa valvu ya usalama kwa ajili ya matengenezo. Kibali kilichosema kwamba pampu hiyo isiguswe hakikuwafikia. Wao walijua tu kwamba pampu ya pili imegoma na kwamba lazima kazi iendelee. Gesi ilivuja, ikalipuka, wakafa watu 167. Ingewezekana kabisa kuandika "uzembe wa aliyewasha pampu" na kufunga faili. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Cullen uliuliza badala yake namna vibali vinavyotolewa, vinavyotunzwa na vinavyokabidhiwa kutoka zamu hadi zamu, na mwaka 1990 ukatoa mapendekezo 106. Ninapofikiria fomu yetu yenye maneno sita, naona aibu.

Linganisha pia na jengo la Rana Plaza, nchini Bangladesh. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa humo ikafunga, ila washonaji wa nguo waliamriwa warudi kwenye cherehani zao, na tarehe 24 Aprili 2013 jengo likaporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Hakuna aliyethubutu kuwaita wazembe, kwa sababu walikuwa wengi mno. Uzembe, inaonekana, huandikiwa mtu mmoja mmoja.

Wanaosomea mambo haya wana ngazi yao, na haina siri. Kwanza, hatari yenyewe iondolewe; ikishindikana, ibadilishwe na kitu chenye nafuu; kisha mtu atengwe nayo kwa kikinga, uzio au swichi inayokatisha umeme; ndipo zije taratibu na mafunzo; na mwisho kabisa, baada ya hayo yote, vije vifaa vya kuvaa. Sisi huanzia mwisho na kuishia hapo hapo. Siku tatu baada ya ajali lilitoka tangazo kwamba kila fundi atavaa glavu katika mashine zote. Glavu, kwenye msumeno unaozunguka! Fundi yeyote anajua kwamba kitambaa kikiguswa na meno ya wembe huvutwa, na mkono ulioko ndani huvutwa nacho.

Sijagusa kelele, wala vumbi na kemikali, ambavyo huua polepole na kwa idadi kubwa kuliko ajali, wala makosa madogo yanayopita bila jeraha na bila kuandikwa. Hayo yanahitaji makala yake.

Jumamosi nilikwenda kumwona mwenzetu. Mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kifundo, ameuegemeza juu ya mto. Kabla sijakaa vizuri akaniambia, "Kaka, ule ulikuwa uzembe wangu tu." Nilimtajia kikinga. Akanyamaza kidogo, akasema kwamba alikuwa amesahau kama mashine ile iliwahi kuwa nacho.

Jana jioni nikapita karakana. Msumeno ulikuwa unanguruma, na aliyekuwa akiusukumia mbao ni kijana wa wiki yake ya pili kazini, amevaa glavu mpya. Nilizima swichi kuu, nikashusha kikinga kutoka kwenye rafu, nikakipeleka kwa msimamizi na vumbi lake, nikakiweka juu ya meza yake. Nimeambiwa kwamba nimechelewesha kazi kwa dakika 40, na kwamba jambo hilo nalo litaandikwa.