Saa Sita Iliyofika Saa Tatu

Ile sauti inayozunguka kwenye magrupu ya walimu, ya mwenzangu anayecheka mpaka anakohoa, eti mimi mwalimu sijui kusoma saa, ni uongo nusu. Saa naijua kusoma. Nisikilizwe na mimi jamani.

Darasa la pili, Kuhesabu, mada ya saa. Nilikuwa na saa yangu ya boksi, mishale nimeikata kwenye mfuniko wa ndoo. Shida ya saa ya boksi, walimu wenzangu mnaijua: mishale haifuatani. Mwambie mtoto aweke saa moja na nusu, ataubandika mfupi juu ya saba palepale, mrefu kwenye sita, kisha akutazame akisubiri makofi. Kumbe kwenye saa ya kweli ule mfupi ungekuwa umeshafika katikati ya saba na nane. Nikasema leo waone kwa macho. Nikaenda ofisini, nikaitungua saa ya ukutani. Ndiyo, ileile. Shule haina nyingine.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Nazungusha kigurudumu cha nyuma, mshale mrefu unamaliza duara zima, mfupi unajikongoja namba moja tu, watoto midomo wazi. Dawati la mbele likauliza: "Mwalimu, pale pameandikwa saba, mbona unasema moja?" Nikaeleza kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza, kwa hiyo tazama mshale mfupi ulipo, vuka upande wa pili, soma namba inayotazamana nao. Saba na moja, nane na mbili, tisa na tatu. Mtoto akafikiri. "Sasa si tuigeuze tu?" Akaja, akaipindua kichwa chini, na mshale ukaangukia kabisa pale inapokaaga moja. Darasa zima makofi. Wadau, mimi nina cheti cha ualimu. Yeye hana hata meno ya mbele.

Kujiokoa, nikaigeuza, nikazungusha mpaka mishale yote ikalaliana juu ya kumi na mbili. "Saa ngapi?" "Saa sitaaa!" Nikaiegemeza dirishani, nikageukia ubao.

Hapa twende taratibu. Nimeandika S. Nikasikia kandambili zinakuja mbio, zikasimama dirishani. Kiranja wa kengele. Ofisini amekuta msumari mtupu, kaambiwa saa iko la pili. Namwona kwa pembeni: midomo inacheza, kidole kinatoka kwenye kumi na mbili, kinashuka hadi sita, kinarudi kuhakikisha. Macho yakamtoka. Akatimka. Na mimi, badala ya kuita, nikajisemea: angalia kijana anavyosoma saa, na ni mimi niliyemfundisha. Nikaandika A. Nikaandika A ya pili. Ndipo ringi la lori likalia chini ya mwembe, ngo ngo ngo ngo, ile ndefu ya kwenda nyumbani.

Saa tatu asubuhi.

"Tulieni!" Nani atulie? Wa dawati la mbele ameshabeba begi. "Saa sita Mwalimu, si umesema mwenyewe?" Darasa la kwanza walikuwa wameshavuka uwanja. Mama wa uji kasimama na mwiko, sufuria hata haijachemka: "Mwalimu, na huu nimpe nani?" Mwalimu mkuu katoka barazani, akatazama simu, akatazama jua, akatazama simu tena. Kisha akanitazama mimi, mlangoni, nimeikumbatia saa kama mtoto mchanga.

Waliopatikana wakarudishwa. Wengine walishafika kwao, mzazi mmoja akaja na jembe begani kuuliza shuleni kuna msiba wa nani. Mwenzangu akaingia chooni kurekodi ile sauti yenu.

Nikaagizwa niandike maelezo. Nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: "Mnamo saa tatu na dakika ishirini asubuhi..." Yakarudi mchana. Mwalimu mkuu amepiga mstari mwekundu chini ya muda, na pembeni ameandika: "Kwa saa ipi?"