Shemeji, Wamsumbiji Hawakuzaliwa na Vita

Desemba nilipokuwa likizo nyumbani Kongwa, shemeji yangu alitoa neno ambalo limenikaa rohoni mpaka nimerudi huku Chimoio, Msumbiji. Tulikuwa nje ya tembe la bibi, tunakula ugali wa uwele na mlenda, mazungumzo yakafika kwenye mapigano ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Akasema, "Hao Wamsumbiji, shemeji, vita viko damuni. Sisi Mungu katuumba na amani." Wote wakaitikia. Nilinyamaza kwa kuwaheshimu wazee waliokuwepo. Leo namjibu.

Huku nauza vipuri vya pikipiki, mwaka wa 13 sasa. Maisha ya kila siku hayatofautiani sana na ya kwetu. Ugali wanauita xima, shamba wanaliita machamba. Tofauti niliiona ndani ya nyumba niliyopanga. Mwenye nyumba ni mama wa miaka kama 60. Kila usiku kabla ya kulala huweka viatu vyake kando ya kitanda, ncha zikielekea mlangoni. Nilidhani ni mila. Nilipomuuliza, aliniambia kwamba wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe walikula mapema, wakazima moto, kisha kijiji kizima kikaenda kulala porini. Aliyepapasa viatu gizani aliachwa. Vita viliisha mwaka 1992, viatu bado vinaelekea mlangoni. Na mwaka 2013, mapigano yaliporudi na magari yakawa yanasindikizwa na askari kati ya Save na Muxúngue, aliteremsha begi lake kutoka juu ya kabati akaliweka karibu na viatu. Hakusema kitu.

Kaka yake alichukuliwa na Renamo, waasi waliopigana na serikali, akiwa mtoto. Alianza kwa kubeba mizigo, baadaye bunduki. Aliporudi baada ya mkataba wa amani wa Roma wa Oktoba 4, 1992, wazee walimwosha kwa dawa kabla hajaingia uani. Siku hizi anacheza bao na jirani aliyekuwa askari wa serikali. Sheria ya msamaha ilipitishwa, hakuna aliyeshtakiwa, na mimi sijawahi kumsikia mtu akimuuliza kaka huyu alifanya nini huko. Hao ndio watu wenye vita damuni?

Shemeji, kumbuka Operesheni Dodoma ya mwaka 1971. Bibi yetu aliyetukaribisha mlenda alihamishwa akaacha tembe lake la zamani na mashimo ya nafaka, akapangiwa kiwanja kwenye kijiji cha ujamaa. Wapo waliohamishwa kwa nguvu. Machifu wetu walishafutwa mwaka 1963. Msumbiji ilipopata uhuru Juni 25, 1975, Frelimo, chama kilichoshika serikali, ilifanya mambo yanayofanana na hayo: machifu wakawekwa pembeni, watu wakakusanywa kwenye vijiji vya pamoja. Wakulima walinung'unika kule kama walivyonung'unika Ugogoni.

Kilichowatofautisha ni jirani. Mwaka 1976 Rais Samora Machel alifunga mpaka na Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, na kuendelea kuwahifadhi wapigania uhuru wa Zimbabwe. Rhodesia ikaitengeneza Renamo, na Zimbabwe ilipojikomboa mwaka 1980, Afrika Kusini ya makaburu ikaichukua. Manung'uniko ya mkulima yakapewa bunduki. Shule, zahanati, reli na mabasi vikachomwa. Walikufa watu wapatao milioni moja, kwa risasi, njaa na maradhi. Mji wa Homoine peke yake, Julai 1987, waliuawa mamia ya raia. Sisi Amin alituvamia mwaka 1978, tukampiga, lakini hakuna aliyekuja usiku kumgawia silaha Mgogo aliyekasirishwa na operesheni. Hiyo ndiyo bahati ninayoiona, na uongozi pia, sikatai. Damu sioni.

Linaloniuma zaidi ni kwamba maneno haya yanasemwa Kongwa. Frelimo ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, na vijana wake walifanya mazoezi palepale kwetu, kwenye majengo yaliyoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza. Samora mwenyewe alikuwa pale. Makaburi ya wapigania uhuru yapo mpaka leo, na watoto wanapita wakienda shule bila kuambiwa ni ya nani. Waambiwe, na walimu, na sisi wazazi.

Niliporudi nilimwonyesha mama mwenye nyumba picha za kambi nilizopiga kwa simu. Alipofika kwenye picha ya tembe la bibi alisimama hapo, akalikuza kwa vidole.

"Hapa ndipo ulipokulia? Miaka ile ya themanini?"

"Ndiyo, mama."

"Na mlikuwa mnalala humu humu ndani?"

"Humu humu."

"Kila usiku?"

"Kila usiku, mama."

Akanirudishia simu, akaenda kuinjika maji.