Masasi ni mji wa wakulima, na ipangwe hivyo

Kuna hoja inayorudiwa kila unapozungumzwa mpango wa mji wa Masasi, mkoani Mtwara: kwamba Masasi si mji hasa, ni mashamba yaliyozungushiwa mpaka wa halmashauri. Wanaoisema hawana nia mbaya. Wanatazama ramani, wanaona mpaka umevuka mbali soko la Mkuti na stendi, umekwenda hadi kata za pembeni kama Sululu na Mumbaka, ambako mikorosho inafika mlangoni. Sensa ya 2012 iliipa Halmashauri ya Mji wa Masasi watu 102,696. Ondoa wakulima, wanasema, ndipo utauona mji wenyewe.

Hoja yao ina uzito, hasa kwenye gharama. Maji ya Masasi yanatoka chemchemi za Mbwinji, chini ya uwanda wa juu wa Makonde, na chanzo hichohicho kinaitegemeza Nachingwea. Kumfikishia bomba mtu mwenye jirani mita 20 kutoka kwake ni nafuu; kumfikishia mwenye jirani ng'ambo ya shamba la ekari 5 ni kazi nyingine. Nguzo za umeme ni hivyohivyo, barabara za mitaa ni hivyohivyo, na gari la taka ndilo halifiki kabisa. Tena wanayo haki kuionea shaka hesabu ya watu inayofuata mipaka. Manispaa ya Lindi ilikuwa na watu 78,841 mwaka 2012, na sensa ya 2022 ikaikuta imevuka 170,000. Mtu asiyejua kwamba katikati hapo manispaa iliongezewa eneo lililokuwa la Lindi Vijijini anaweza kudhani kulitokea maajabu. Mpaka ukisogezwa, watu "wanaongezeka" bila mtoto kuzaliwa.

Hadi hapo sina ugomvi nao. Ninapoachana nao ni pale wanapohitimisha kwamba mji utakua mashamba yakiondoka.

Tuanze na mahali penyewe. Masasi imekaa katikati ya milima ya mawe, Mtandi na Mkomaindo, bonde la Lukuledi likiwa kaskazini na Ruvuma kusini. Barabara za Mtwara, Lindi, Nachingwea, Newala na Tunduru zinaelekea hapa, na ya Tunduru ikifika Mangaka inatoa tawi la kwenda Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja la kuvukia Msumbiji. Na kinachopita kwenye barabara hizo tunakijua: korosho, mbaazi, ufuta, karanga. Hata asili ya makazi ya misheni hapa, mwaka 1876, ni watu waliokombolewa utumwani, waliotoka Unguja wakiwa na Askofu Steere kuelekea nchi ya Wayao. Walipofika Masasi wakaona ardhi inafaa, wakakaa na kulima. Kilimo hakikuukuta mji huu njiani. Kilikuwapo tangu siku ya kwanza.

Sasa hesabu. Wapangaji wanapenda sana idadi ya watu, lakini kwa Kusini namba inayosema zaidi ni ya kaya. Mwaka 2012 kaya ya wastani nchini ilikuwa na watu 4.7. Mkoa wa Mtwara ulikuwa na 3.7, miongoni mwa wastani mdogo kabisa Tanzania. Mtu mmoja pungufu kwa kaya, nani atajali? Lakini gawanya wale watu 102,696. Kwa wastani wa taifa unapata kaya 21,850 hivi. Kwa wastani wa mkoa unapata zaidi ya 27,700. Tofauti inakaribia kaya 6,000. Hizo ni milango, vyoo, majiko na maombi ya mita za maji ambayo mpango uliotumia wastani wa taifa haukuyaona. Huko Kusini watu huzaa wachache kuliko Kanda ya Ziwa, na nyumba zinazoongozwa na wanawake ni nyingi. Binti wa Kimakonde, wa Kimakua au wa Kiyao mwenye nyumba yake na mikorosho yake si jambo la kushangaza. Mji wa watu wa namna hii hutawanyika hata kama usingekuwa na shamba hata moja ndani yake, kwa hiyo kuilaumu mikorosho peke yake kwa urefu wa mabomba ni kuionea.

Na namba za mkoa mzima zinataka uangalifu mwingine. Kati ya 2002 na 2012 Mtwara iliongeza watu 142,331 tu, ndipo ikajengeka picha kwamba Kusini watu wanahama. Muongo uliofuata iliongeza 364,093, ikafika 1,634,947. Sababu si moja. Ila kilimo hakikuwazuia watu kuongezeka: ndani ya muongo huo korosho ghafi ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, katika msimu wa 2017/18.

Kisha kuna suala la mwezi. Sensa zetu hufanyika Agosti. Ya mwisho ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23. Mwezi huo mikorosho bado iko kwenye maua, watu wanapulizia salfa na viuatilifu, na pesa ya msimu uliopita imekwisha mfukoni. Ukitaka kuijua Masasi njoo Oktoba au Novemba, minada ikishafunguliwa. Malori yamepanga foleni kusubiri maghala, wabeba mizigo wamekuja kutoka wilaya za jirani, nyumba za wageni zimejaa, mama lishe ameongeza sufuria la pili. Pembeni ya barabara korosho zimetandazwa kwenye maturubai, na juu yake wameinama akina mama wanachambua: iliyosinyaa huku, iliyotobolewa na mdudu huku, nzuri inaingia guniani kwenda kupimwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Watu wote hao wanakunywa maji ya Mbwinji na wanahitaji choo. Agosti hawakuhesabiwa hapa.

Upande wa pili unajibu kwamba msimu ni miezi michache, na huwezi kujenga mji kwa ajili ya miezi michache. Ni jibu la haki kwa mabomba makubwa na barabara za lami. Si jibu kwa viwanja vya kuanikia, vyoo vya soko, maegesho ya malori na taa za barabara ya maghala, vitu ambavyo gharama yake ni ndogo na kukosekana kwake huonekana kila mwaka.

Linalonisumbua zaidi ni sheria. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliweka ukomo wa ekari 3 kwa mkulima mmoja wa mjini. Pengine waliozitunga walifikiria mchicha wa Dar es Salaam. Mkorosho unaopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 unaingia kama mche 28 kwa ekari, kwa hiyo ekari 3 ni miti 84 hivi. Kwa familia inayosomesha watoto kwa korosho, hiyo ni sehemu tu ya shamba lao. Kumwingiza mkulima wa Sululu ndani ya mpaka wa mji, kumhesabu ili mji uonekane mkubwa, kisha kumwambia shamba lake halina nafasi mjini, ni kumtumia mara mbili.

Wanaotaka mji ulioshikamana wangeweza kuupata bila kumgusa. Katikati, kuanzia Mkuti hadi Migongo na Jida, kuna nafasi ya kujenga ghorofa na kupima viwanja vidogo, na huko ndiko bomba la bei nafuu linakofaa kuanzia. Kata za pembeni ziandikwe kwenye mpango mkuu kama eneo la kilimo la kudumu, zenye visima vyake na njia za kupitisha mazao, badala ya kupakwa rangi ya "makazi ya baadaye" na kumwacha mwenye mikorosho asijue kama apande miche mipya mwaka huu au angoje wapimaji.