Tofauti ya Benki Iko kwa Anayeidhinisha Mkopo

Wanaoudharau mkakati wa utofautishaji katika benki za biashara, yaani benki kujitenga na wenzake kwa kitu cha pekee badala ya kushindana kwa bei tu, wana hoja nzito. Fedha ni zile zile popote unapozichukua. Mikopo ya nyumba ya benki mbili hutofautiana kwa riba na masharti basi, na jambo jipya halidumu kuwa la benki moja. Barclays ilizindua mashine ya kutolea fedha Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967. Siku 9 baadaye benki za akiba za Sweden zikawa na yao mjini Uppsala. Hawakuwa hata wameigana, kila upande ulikuwa ukilifanyia kazi wazo hilo kivyake. Programu za simu nazo zimepita njia hiyo hiyo.

Tena wanao mfano wa Metro Bank ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2010 kwa kufungua matawi siku 7 kwa wiki. Mwaka 2019 ilikiri kuwa ilikosea kuainisha hatari ya baadhi ya mikopo yake, 2023 ikahitaji mpango wa mtaji na madeni wa pauni milioni 925, na 2024 ikaacha kufungua siku zote saba. Matawi ya kuvutia yana gharama, na mteja hakubali kirahisi kuilipia kwa riba.

Yote hayo nayakubali. Lakini saa za kufungua na rangi ya kadi ni mambo ya mlangoni. Benki hupata faida na hasara yake pale inapoamua nani akopeshwe, na huko ndiko utofautishaji hautazamwi.

Jan Wallander alipoanza kuiongoza benki ya Sweden iitwayo Svenska Handelsbanken mwaka 1970, aliyapa matawi mamlaka juu ya mikopo na kufuta bajeti za mwaka. Eneo la tawi, kwa msemo wao wenyewe, ni lile unaloliona ukiwa juu ya mnara wa kanisa. Meneja anamkopesha mtu ambaye karakana yake anaijua, na mkopo ukiharibika unaonekana kwenye hesabu za tawi lake. Hana wa kumsukumia lawama. Tangu 1973, sehemu ya faida iliingia kwenye mfuko wa wafanyakazi uitwao Oktogonen, mgao ukiwa sawa kwa meneja na karani, na haukulipwa hadi mtu afikishe miaka 60. Ukisubiri malipo muda wote huo, huna haraka ya kugawa mikopo mibovu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sekta ya benki ya Sweden ilipolemewa na mikopo chechefu (isiyolipwa) ya majengo, Handelsbanken ilivuka bila mtaji wa serikali.

Hakukuwa na siri yoyote ndani ya mfumo huo. Washindani waliona kila kitu, ila kuiga kungewalazimu makao makuu yao kuachia madaraka, na hilo ni gumu kuliko kununua mashine.

Kinachonisumbua zaidi ni hali ya mkopaji. Benki zote zikiwapima wakopaji kwa alama zile zile, mwenye kipato cha msimu atakataliwa kila dirisha kwa sababu ile ile. Mtamwambia ushindani wa riba umemshushia bei, naye hana benki inayomuuzia. Riba nafuu humfikia yule anayegombewa na kila benki. Mwingine anaweza kuwa mlipaji mwaminifu miaka yote na bado hakuna aliyekaa naye akayatazama mauzo yake ya mwezi kwa mwezi. Na benki zinazopima sawa, zikikosea, zinakosea pamoja. Hasara hiyo mara nyingi huangukia hazina ya umma.

Mwaka 2020 Handelsbanken yenyewe ilitangaza kupunguza matawi yake ya Sweden kutoka takriban 380 hadi 200. Wapinzani wanaona huo ndio mwisho wa hoja. Mimi naona swali limebadilika tu: tawi likifungwa, mamlaka ya kuamua yanakwenda kwa nani? Yakibaki kwa mtu anayemfahamu mkopaji, hata kama wanaongea kwa simu, benki imeilinda tofauti yake. Yakirudi makao makuu, itabaki kushindana kwa riba, na huko benki yenye gharama ndogo kuliko yake inaisubiri.