Sifa Zinazouponza Mti wa Yaa

Kuna sifa zinazomponza anayesifiwa. Huku kwetu Acholi, kaskazini mwa Uganda, mti wa shea, wenye kokwa za mafuta, ambao sisi twauita yaa, umesifiwa ugumu mpaka tumejisahau. "Huo haufi," watu husema. Siku hizi anayelisema neno hilo kwa sauti kubwa kuliko wote ni dalali wa mkaa.

Ugumu wenyewe si uongo. Tazama gome la yaa mzee: nene, limepasukapasuka vipande vya mraba kama ngozi ya mgongo wa mamba. Moto wa nyika ukipita kiangazi, gome huungua juujuu na mti ukabaki mzima. Kiangazi hichohicho, nyasi zikiwa kahawia na ng'ombe mbavu nje, wenyewe hupukutisha majani ukatoa maua. Ila kinachonishangaza zaidi ni mbegu. Mbegu nyingi zikiota hukimbilia juu kutafuta jua. Ya yaa huanza kwa kushuka: huzamisha chipukizi lake chini ya udongo, likatia mzizi kwanza, ndipo baadaye kijiti kikatokeza. Moto ukikiramba, kilicho chini hakijaguswa, kinachipua tena.

Mti wa namna hiyo uliwasubiri watu. Miaka ya vita vya waasi wa LRA vijiji vilihamwa, watu wakasongamana kambini, nyumba zikaliwa na mchwa. Tuliporudi baada ya 2006 hapakuwa na ua wala njia, ni kichaka kitupu. Wazee walitafuta makaburi na miti mikubwa, wakasema shamba la fulani liliishia hapa. Mti uliokuwa ukitoa mafuta ya kupikia sasa ukawa shahidi wa mipaka, na katika ugomvi wa ardhi shahidi huyo angali anaitwa mpaka leo.

Shangazi yangu anao mmoja nyuma ya jiko. Hakuna anayejua ulianza lini. Yaa aweza kuishi miaka mia mbili. Dalali mmoja alifika na pikipiki, kijana wa mjini, akamwamkia kwa Kiswahili cha barabarani.

"Shikamoo mama. Huu mti umeshazeeka, hauzai tena. Nikupe hela ukate, utachipua wenyewe."

"Marahaba. Mwaka jana ulizaa," shangazi akamjibu. "Ulikuja kuniokotea?"

Kijana akacheka, akaenda kwa jirani. Kwa jirani alipata.

Hapo ndipo hesabu ya dalali inapofichwa. Ni kweli, kisiki cha yaa huchipua. Lakini yaa huchukua miaka kumi na mitano hadi ishirini kabla ya kuzaa, na kuzaa vizuri ni baadaye sana. Mwanamke anayeamka alfajiri msimu wa mvua kuokota matunda, akala nyama yake tamu, akachemsha kokwa, akaanika, akapasua, akakaanga, akasaga, akakanda na maji mpaka mkono ukauma, huyo mwambie asubiri miaka ishirini. Ada ya shule inadaiwa muhula ujao. Mafuta yetu ni laini kuliko ya Afrika Magharibi na yana soko. Magunia ya mkaa ya jirani yaliuzwa mara moja, basi.

Mwaka 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa huku kaskazini. Niliifurahia, na bado naiunga mkono. Lakini yaa ni mti mzito, mkaa wake hukaa sana kwenye sigiri, na Kampala inapika kila jioni. Gesi ikiwa ghali kwa mpangaji wa chumba kimoja, gunia litapata njia, mchana au usiku. Kumkamata dereva wa lori peke yake ni kukata matawi.

Kinachoniudhi zaidi ni sherehe zetu za kupanda miti. Mgeni wa heshima anashika jembe, kamera zinapigwa, miche ya mikalitusi na misonobari inagawiwa, huku mita chache kutoka kwenye turubai plau la ng'ombe linang'oa vijiti vya yaa vilivyojiotea bure. Hakuna anayevipigia makofi. Vijiti hivyo havihitaji kitalu wala kumwagiliwa. Vinataka mwenye shamba avizungushie plau, na avikatie nyasi kabla ya kiangazi.

Binamu yangu ameanza kufanya hivyo. Anachomeka ufito mrefu kando ya kila kijiti ili anayeshika plau akione, na anayeshika plau, ambaye ni mdogo wake, analalamika kila msimu kwamba mistari inapinda. Inapinda kweli. Mahindi yameota hivyohivyo.