Kwaresima na uchungu tunaoulinda

Jumatano ya Majivu ikishapita, swali linalozunguka huku Kampala ni lile lile: mwaka huu unafunga nini? Huyu kaacha bia, yule nyama, mwingine anakunywa chai bila sukari mpaka Pasaka. Sipingi. Mwili unahitaji kukumbushwa kwamba si bwana. Hofu yangu ni kwamba tunampa Mungu vile vilivyo rahisi kuachwa, na kile hasa kinachotutenga naye tunakikumbatia.

Isaya alisema wazi: "Maovu yenu yamewafarikisha ninyi na Mungu wenu" (59:2). Tukisoma hapo, mawazo yanakimbilia ulevi, uzinzi na wizi, mara nyingi vya jirani. Mimi nafikiria uchungu, ule tunaouona ni haki yetu kabisa. Ndugu wa tumbo moja wamegombania kibanja hadi hawazikani, na Jumapili wote wanapokea komunyo.

Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa na utawala wa Idi Amin tarehe 16 Februari 1977. Mwaka ule Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 23, wiki moja tu baada ya kifo chake. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, alikuwa akisakwa. Yeye na mkewe wakavuka milima usiku kwa miguu hadi Rwanda. Hebu fikiria Kwaresima ya namna hiyo! Rafiki yako ameuawa, kundi lako umeliacha nyuma, na aliyeyatenda hayo bado anatawala. Nani angethubutu kumwambia mtu huyo kwamba ana la kutubu?

Hakuna aliyehitaji kumwambia. Kivengere alikuwa mtu wa uamsho, wa wale Balokole, yaani "waliookoka", waliozoea kuitaja dhambi yao kwa jina mbele ya wenzao. Alisimulia mwenyewe jinsi uchungu wake dhidi ya Amin ulivyokuwa ukikomaa moyoni, hadi Ijumaa Kuu, akiwa kanisani London, aliposikia tena yale maneno ya msalabani: "Baba, uwasamehe." Hapo akaona kwamba yeye pia anahitaji kusamehewa, na kwamba lazima amsamehe Amin. Hakuacha kuusema uovu wa Amin kuwa uovu. Watu wengi hulisahau hilo wanapohubiri msamaha, na wanawaumiza walioumizwa.

Sisi tunaosali kwa Kiswahili hapa Uganda jambo hili linatugusa kwa karibu. Wako wazee walioijua lugha hii midomoni mwa askari wa Amin, kwenye vizuizi vya barabarani. Mzee wa namna hiyo akikaa nasi kwenye benchi na kuitikia Baba Yetu kwa Kiswahili, naona amefunga kuliko sisi wote.

Tumaini langu silijengi juu ya nguvu zetu za kusamehe, maana ni haba. Adamu alipojificha kati ya miti ya bustani, hakuwa ametubu lolote. Mungu ndiye aliyeanza kuita: "Uko wapi?" Alimtafuta mtu aliyekuwa bado anamkimbia. Ningependa mapadre na wachungaji watuulize swali hilo kabla ya Ijumaa Kuu, na watuulize pia ni jina la nani hatuwezi kulitaja tukisali.