Chapati ya Ngamiani na madai ya asili

Mgeni kutoka Gujarat, jimbo la India, akiketi kwenye mgahawa wa Ngamiani, hapa Tanga, akaletewa chapati na chai ya maziwa, huenda akasema kwamba hii si chapati, na kwa kipimo cha kwao atakuwa amesema kweli. Kauli ya namna hiyo ndiyo mazoea ya watu wanaosaka vyakula vya asili vya mataifa mengine, nao wana hoja. Jina la chakula ni ahadi kwa mlaji: Umoja wa Ulaya uliisajili pizza ya Napoli kuwa chakula cha jadi mwaka 2010, na UNESCO ikautambua ufundi wa wapishi wake mwaka 2017. Jina likiachwa huru, kila mtu hulibandika kwenye kitu chochote na fundi wa kweli hupoteza wateja.

Tatizo huanza pale kipimo hicho kinapogeuzwa hukumu dhidi ya mpishi aliyebadilisha. Chapati ya Kihindi ni unga wa ngano usiokobolewa na maji, inasukumwa nyembamba na kuokwa kwenye chuma kikavu hadi ivimbe. Ya kwetu ni ya unga mweupe. Husukumwa, hupakwa mafuta, huviringwa kama konokono, husukumwa tena, kisha hukaangwa. Kwa ufundi inakaribiana zaidi na paratha, mkate mwingine wa Kihindi wenye matabaka na mafuta, lakini hakuna mtoto wa Tanga anayeijua kwa jina hilo. Je, kwa kuwa jina lilibaki na mkono ukabadilika, tuiite ghushi? Waliobadilisha mkono huo ndio walioila, vizazi kwa vizazi, wakairekebisha kwa ndimi zao wenyewe. Hilo ni tofauti kabisa na hoteli ya kitalii inayopunguza pilipili kwa kukisia kwamba mgeni hataiweza, maana hapo anayebadilisha si mlaji, na anayekula hakuulizwa.

Msakaji huyo huyo, akishaipuuza chapati, huagiza bada kwa samaki kwa kuwa ameambiwa kwamba ugali huo wa muhogo ndio asili halisi ya pwani yetu. Hakosei kuupenda (mimi mwenyewe siukatai), ila muhogo ni mmea wa Amerika Kusini ulioletwa Afrika na Wareno, sawa na nyanya ya pizza, ambayo nayo ilivuka bahari kutoka Amerika kabla Napoli haijaijua. Ukiifuata asili hadi mwisho wake, sahani zote mbili zinabaki tupu.

Afadhali angeuliza nani hukila chakula hicho siku ambayo hakuna mgeni, na kasoro gani mlaji huyo haivumilii. Ngamiani jibu lipo wazi: chapati isiyochambuka hurudishwa jikoni, na anayeirudisha hajawahi kufika Gujarat.